Nikikohoa mkojo hunitoka, naambiwa ndio uzazi

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 38, naishi Kisauni, Mombasa, nimeolewa, na nina watoto watatu ambao wote nimewazaa kwa njia ya kawaida. Huyu wa mwisho, ambaye sasa anakimbia nyumba nzima, alizaliwa na kilo 4.1. Niliumwa naye usiku kucha, nikachanika, nikashonwa. Tangu hapo nikikohoa mkojo hunitoka. Nikipiga chafya hunitoka. Nikicheka kwa nguvu hunitoka. Si mwingi, lakini watosha kulowesha nguo ya ndani na kunitia wasiwasi kwamba nanuka.

Mwanzo nilidhani nikimaliza arubaini itakwisha. Mama alinikanda kwa maji moto na kunifunga mkaja kama alivyofungwa yeye. Tumbo likarudi, hili halikurudi. Mwaka jana nilianzishiwa dawa za presha kliniki, na tangu hapo nimeshikwa na kikohozi kikavu kisichosikia tangawizi wala asali. Sasa hapiti siku sijabadilisha nguo.

Mtaani kwetu maji ya mfereji ni ya bahati, twanunua kwa wenye mikokoteni. Mimi ndiye ninayepandisha mitungi ya lita 20 hadi orofa ya pili. Mtungi wa kwanza huwa salama. Nikiinua wa tatu nahisi umoto mapajani. Nimepunguza kunywa maji, na kabla ya kutoka nyumbani nakwenda chooni mara mbili tatu hata kama sina haja. Nikipanda matatu kwenda Marikiti navaa pedi.

Kinachoniumiza zaidi ni sala. Natia udhu vizuri, nikiinuka kutoka sijida nahisi kitu. Sijui kama nimeswali au sikuswali. Na usiku nimeanza kumkwepa mume wangu, kwa sababu iliwahi kunitokea tukiwa pamoja nikataka ardhi inimeze. Yeye adhani nimemkasirikia.

Mama mkwe aliniambia, "Ndio uzazi huo, sote tumepita." Jirani akanifundisha kukatiza mkojo katikati kila nikienda haja. Nimefanya kwa miezi, sioni nafuu, na sasa nahisi kama mkojo haumaliziki. Shoga yangu aniambia niweke shabu, ati itakaza. Nilipojikaza nikamuuliza muuguzi mmoja, alinijibu bila kuinua macho kwamba nikitaka nipasuliwe.

Mdogo wangu anaolewa Mfunguo Mosi. Mimi ndiye dada mkubwa, na siku ya kupamba watu watanitazama niingie uwanjani kwenye chakacha. Nimeanza kutafuta kisingizio. Nina kilo 92, ikiwa hilo lina maana. Je, hali hii ina dawa? Lazima nipasuliwe? Au nivumilie tu?

Mama wa Watatu, Kisauni

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na maswali yako. Ina dawa. Upasuaji si wa kuanzia. Na kuvumilia, usivumilie. Mama zetu walivumilia kwa kukosa wa kumwambia, wakaishia kuyaita uzazi. Kweli, wanawake wengi sana waliozaa hupitia haya, lakini wingi wa wagonjwa haujafanya ugonjwa wowote kuwa afya. Na yule muuguzi amenikera, nasema wazi. Mwanamke hukusanya ujasiri kwa miaka ili aseme neno hili mara moja, na akijibiwa kwa mkato harudi tena.

Sikiza linalotokea mwilini mwako. Chini ya kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa kuna misuli iliyotandazwa kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Wataalamu huiita misuli ya sakafu ya nyonga. Ifikirie kama kamba za kitanda cha kuwamba: zikikaza, hubeba mzigo bila kubonyea, na zikilegea, katikati huzama. Ukikohoa au ukiinua mtungi, tumbo husukuma kila kitu chini kwa ghafla. Misuli hiyo yapasa kukaza papo hapo na kuufunga mrija wa mkojo. Yako ilivutwa na mtoto wa kilo 4.1, ikachanika, na huenda mishipa ya fahamu inayoiamrisha nayo ikaumia. Basi inachelewa kukaza, au inakaza kwa unyonge, na tone linapita. Mkaja wa mama ulifunga tumbo, lakini huku chini haufiki.

Nimesema hivi kwa sababu kila ulichotaja, yaani kikohozi, chafya, kicheko, mtungi, kuinuka kutoka sijida, ni tukio la kusukumwa tumbo. Hiyo ndiyo aina inayotibika vizuri zaidi kwa mazoezi. Zipo aina nyingine. Kuna mwanamke anayeshikwa na haja ya ghafla, anakimbia na hafiki. Hiyo ni shida ya kibofu chenyewe kukunjamana kabla ya wakati, na tiba yake ina mengine ya kuongeza. Kuna anayevuja mfululizo, usiku na mchana, tangu alipojifungua kwa uchungu wa muda mrefu. Huyo huenda ana fistula, tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi, na tundu hilo hushonwa na mpasuaji, si la kufanyiwa mazoezi. Ukiona damu kwenye mkojo, maumivu, au kitu kama kinyama kinachoshuka ukichuchumaa, usingoje jambo lolote, nenda uonwe. Na hata bila ya hayo, kipimo cha mkojo cha maambukizi na cha sukari kifanywe kwanza. Ni cha haraka na kinaondoa shaka.

Sasa kikohozi chako. Hapa ndipo niliposimama nikairudia barua. Umesema kilianza baada ya dawa za presha. Kuna jamii ya dawa za presha ambazo majina yake huishia na "pril", kama enalapril, na kikohozi kikavu kisichoisha ni athari yake inayojulikana. Soma paketi yako. Ukiliona jina la aina hiyo, rudi kliniki umwambie daktari habari ya kikohozi, maana zipo dawa nyingine zinazoshusha presha bila kukohoza. Usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe, hata siku moja. Presha iliyoachwa huleta kiharusi, na hilo ni baya kuliko nguo mbichi. Lakini fikiria: unakohoa mchana kutwa, na kila kikohozi ni pigo juu ya misuli iliyochoka. Kikohozi kikiondoka, nusu ya taabu yako yaweza kuondoka nacho.

Niseme juu ya ushauri uliopewa. Shabu usiiweke. Huikausha na kuichubua ngozi laini ya ndani, na misuli yenyewe haiigusi hata kidogo. Jirani yako alikuwa na nia njema na alikaribia ukweli, ila mahali pa kufanyia zoezi si chooni. Kukatiza mkojo mara moja ili uijue misuli ni sawa. Kuufanya ndio mtindo wa kila siku hukizoeza kibofu kutomaliza, na mkojo unaobaki ndani hukaribisha maambukizi. Ile hali ya kuhisi haumaliziki, ndiyo hiyo. Acha leo.

Mazoezi yenyewe si mageni. Daktari wa wanawake wa Marekani, Arnold Kegel, aliyaandikia mwaka 1948, na ndiyo sababu mitandaoni utayasikia kwa jina lake. Ambalo halisemwi sana ni kwamba Kegel hakuwaachia wanawake maneno matupu. Aliwaundia kipimo cha kuingiza ndani, ili kila mmoja ajionee anabana kwa nguvu gani. Alijua kwamba misuli isiyoonekana ni rahisi kuikosea. Mwaka 1991 watafiti huko huko Marekani waliwapima wanawake 47 waliokwisha kuelezwa kwa mdomo tu namna ya kubana. Takriban nusu ndio waliobana sawasawa, na robo walikuwa wakifanya kwa namna inayoweza hata kuzidisha kuvuja, kwa kuwa walisukuma chini badala ya kuvuta juu. Kwa hiyo mtu akikwambia "nilifanya mazoezi hayo hayakunisaidia", swali langu la kwanza huwa: nani alikuangalia ukiyafanya?

Ndiyo maana nakutuma kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya misuli na viungo kwa mazoezi, na si kwa video. Nikueleze kitakachotokea huko ili usiende na hofu. Atakuuliza maswali mengi: uzazi wako, choo chako, unywaji wako, kazi zako. Huenda akakupa karatasi uandike kwa siku tatu kila unachokunywa, kila unapokwenda haja na kila unapovuja. Kisha, kwa ridhaa yako na wala si bila yake, atakuchunguza kwa kidole chenye glavu ndani ya njia ya uzazi, akuambie ubane. Hapo ndipo anapojua kama unavuta au unasukuma. Nguvu yako atazipa alama kuanzia 0 hadi 5, ahesabu unaweza kushikilia sekunde ngapi kabla ya kuachia, na mara ngapi kabla ya kuchoka. Una haki ya kuomba mtaalamu mwanamke, haki ya kuwa na mwenzio chumbani, na haki ya kusema sitaki sehemu hii. Ukikataa kidole, kuna kukutazama kwa nje na kuna mashine ya picha inayowekwa juu ya tumbo, pale ilipo.

Wakati unangoja miadi, anza hivi. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikanyage godoro, pumua kawaida. Jifanye uko kwenye sebule ya watu na upepo unataka kukutoka nyuma: uzuie. Hapo hapo endelea kuvuta kuja mbele, kama mtu anayezuia mkojo. Unapaswa kuhisi kitu kinakaza na kupanda ndani kuelekea kitovu. Makalio yasibane, mapaja yasikutane, tumbo la juu lisitunishwe, na pumzi usiizuie. Ukiona unajiuma midomo ujue unasaidiwa na misuli isiyohusika. Weka kiganja juu ya kanga, kati ya miguu. Ukibana vizuri, mwili unakimbia kiganja kuingia ndani. Ukihisi unakisukuma kiganja nje, simama, unakosea, na usiendelee mpaka uonwe.

Ukishaipata, bana ushikilie kwa sekunde unazoweza, hata kama ni tatu, kisha achia kabisa na upumzike muda ule ule. Kuachia ni sehemu ya zoezi, msuli usiopumzika haupati nguvu. Rudia mara nane, kisha malizia na mibano ya haraka ya kubana na kuachia, kwa sababu chafya haikupi nafasi ya kujiandaa. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Wiki zikienda ongeza sekunde mpaka kumi. Ukizoea kulala, fanya umekaa, halafu umesimama, halafu unatembea, na mwisho ukiwa umeshika mzigo, maana wewe huvuji ukiwa umelala, wavuja ngazini.

Kuna ufundi mmoja nataka uuanze tangu wiki hii, maana huleta nafuu mapema kuliko vyote. Bana kabla ya tukio. Unahisi kikohozi kinapanda: bana, kohoa, ndipo uachie. Unataka kuinua mtungi: sogea karibu nao, kunja magoti, bana, toa pumzi huku ukiinua. Kutoka sijida vile vile. Watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 1998 kwamba wanawake waliofundishwa jambo hili pekee walipunguza kuvuja wakati wa kukohoa ndani ya wiki moja tu. Misuli haikuwa imeota nguvu kwa siku saba. Walichojifunza ni kuwahi.

Je, hii kweli inatibu au ni maneno ya kufariji? Mwaka 2018 taasisi ya Cochrane, ambayo kazi yake ni kukusanya na kupima tafiti za tiba, ilichambua majaribio 31 yenye wanawake 1,817 kutoka nchi 14. Kwa wenye tatizo kama lako, waliofanya mazoezi ya misuli hii walisema wamepona 56 kati ya kila 100. Kwa wale ambao hawakupewa mazoezi, waliosema hivyo walikuwa 6 kati ya 100. Wako pia ambao hawakupona kabisa lakini walipungukiwa sana. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unataka mazoezi yenye msimamizi yawe tiba ya kwanza, kwa muda usiopungua miezi 3. Zingatia hayo maneno mawili, msimamizi na miezi 3. Wengi huacha wiki ya tatu, kabla msuli haujapata wasaa wa kujengeka.

Upande wa pili nao nikupe. Uholanzi mwaka 2013 walilinganisha mazoezi na upasuaji kwa wanawake ambao kuvuja kwao kulikuwa kwa kiasi kikubwa. Karibu nusu ya walioanza na mazoezi waliamua kupasuliwa baadaye. Kwa hivyo mazoezi si ahadi kwa kila mtu, na ukifika huko hujashindwa. Kuna kipete laini kinachowekwa ndani kuutegemeza mrija, na kuna upasuaji wa aina kadhaa. Ule wa kuweka wavu wa plastiki ulisimamishwa Uingereza mwaka 2018 kwa sababu ya wanawake waliodhurika, basi siku ukizungumza na mpasuaji muulize anatumia nini, na atafanya nini kikileta madhara. Na kama bado unatamani mtoto mwingine, upasuaji kwa kawaida husubiri.

Utauziwa vifaa. Mtandaoni kuna mipira ya kuingiza, koni za uzani, mashine za umeme, na vidude vinavyoonyesha kwenye simu umebana kiasi gani. Maoni yangu ni kwamba usitoe hata shilingi moja kabla hujachunguzwa. Umeme una kazi kwa mwanamke ambaye hawezi kabisa kuihisi misuli yake, nao hutumiwa chini ya mtaalamu, na si kwa mjamzito wala mwenye kifaa cha umeme moyoni. Vile vya kuonyesha mbano vilijaribiwa Uingereza kwa wanawake 600, matokeo yakachapishwa 2020: baada ya miaka miwili, waliofanya mazoezi kwa kifaa na waliofanya bila kifaa walikuwa sawa. Pesa hiyo heri ikupeleke kwa mtaalamu mara moja zaidi.

Ulitaja kilo 92 kwa haya, na nakushukuru, maana zina maana. Uzito wa tumbo hukaa juu ya misuli hiyo hiyo mchana na usiku. Jaribio la Marekani la mwaka 2009 liliwahusu wanawake wenye unene waliovuja. Waliosaidiwa kupunguza walishusha kama asilimia 8 ya uzito wao, na idadi ya matukio yao ya kuvuja kwa wiki ikapungua kwa asilimia 47, wakati ya kundi la pili ilipungua kwa asilimia 28. Kwako asilimia 8 ni kama kilo saba. Haihitaji kujinyima mpaka uzimie. Anza na mahamri ya asubuhi na sukari ya chai, na kutembea kila siku. Presha yako nayo itakushukuru.

Maji usiyapunguze, hasa kwa joto letu hili. Mkojo mzito hukiwasha kibofu, na choo kigumu hukufanya ujikamue, na kujikamua ni kusukuma chini kama kikohozi. Kunywa kidogo kidogo mchana kutwa. Kahawa chungu na chai kali zipunguze uone. Na ile tabia ya kwenda haja mara tatu "isije ikanishika njiani" iache taratibu, kibofu husahau kukaa na mkojo. Pedi za hedhi zimetengenezwa kwa damu, mkojo huzilemea na kuunguza ngozi. Tafuta zile za mkojo, au vitambaa vya pamba vinavyofuliwa na kuanikwa juani.

Mitungi je? Kwa miezi hii mitatu, lita 20 zikusamehe. Nunua mitungi ya lita 10, au gawa maji chini ngazini kabla ya kupandisha. Na wenye nguvu nyumbani ni wangapi? Mume wako yupo. Ambalo linanileta kwake. Mwambie. Chagua saa ya utulivu, useme, "Sijakukasirikia, misuli yangu iliumia nilipomzaa mwanetu, naanza matibabu." Hana njia ya kulijua usipolisema, na sasa anaumia kwa jambo ambalo silo. Mficha uchi hazai. Mkiwa pamoja, kwenda haja kabla husaidia, na misuli ikipata nguvu wanawake wengi husema hata hilo hubadilika. Tena akielewa, mitungi atapandisha yeye.

Kuhusu sala, mimi si mwanachuoni. Ninalolijua ni kwamba fiqhi ina mlango wake wa mtu anayetokwa na mkojo bila hiari. Muulize mwalimu wa kike unayemwamini, na umweleze wazi kwamba kwako hutoka tumbo likisukumwa tu na si mfululizo, kwa sababu hukumu zaweza kutofautiana. Kwa upande wa mwili, kabla ya udhu nenda haja bila haraka, ukidhani umemaliza jiinamishe mbele kidogo, ungoje, umalize, ndipo utie udhu.

Sasa hesabu yako. Barua imenifikia Rajabu ndiyo kwanza imeandama. Una Rajabu, Shaabani na Ramadhani, miezi mitatu kamili kabla ya harusi. Uchunguzi wa kwanza ufanye mapema, na usiuache uingie mchana wa Ramadhani, maana sisi Mashafii kuingizwa kitu ndani hubatilisha saumu. Mazoezi yenyewe hayana neno ukiwa umefunga, na ukihisi mchovu yahamishie baada ya futari na kabla ya daku. Sikuahidi kwamba utakuwa mkavu kabisa usiku wa kupamba. Nakuambia miezi mitatu inatosha kuonyesha tofauti, na kwamba chakacha ni ya nyonga na kiuno, hairukwi juu, kwa hivyo haitishi kama unavyodhani. Ingia.

Hospitali Kuu ya Pwani ina idara ya fiziotherapia. Kliniki yako ya presha inaweza kukuandikia barua ya rufaa siku ile ile unapokwenda kuuliza habari ya kikohozi. Ukienda kwa wa binafsi, uliza kama amesajiliwa na Baraza la Wanafiziotherapia la Kenya, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, na uliza kama amefunzwa kutibu nyonga za wanawake, maana si kila mmoja amefunzwa. Dirishani usione haya ya kueleza. Waambie "natafuta fiziotherapia ya misuli ya nyonga baada ya uzazi", na ukiona foleni ina masikio mengi, liandike kwenye karatasi uwape. Beba paketi ya dawa za presha, kadi ya kliniki ya uzazi ikiwa bado unayo, na ile karatasi ya siku tatu, uianze kesho.